Swali la Vita Liulizwe Siku ya Kuteua

Mwezi wa Mei mwaka 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa baina ya milima na maji katika ncha ya kaskazini ya Mkoa wetu wa Kigoma, kilipokea makumi elfu ya watu waliokuwa wakikimbia kutoka Burundi. Wakati huo hapakuwa na barabara ya gari ya kufika huko. Mtu alifika kwa miguu au kwa chombo cha majini. Watu walilala ufukweni bila ya paa, wakayanywa maji ya ziwa yale yale waliyokuwa wakiyafulia, na muda si muda kipindupindu kikaingia, kikaua wageni na kuwatia wenyeji hofu kubwa. Meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi ikiwahamishia Kigoma mjini, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kuwa kituo cha kuwapokea kabla ya safari ya kwenda kambi ya Nyarugusu.

Watu wale hawakufukuzwa na njaa wala mafuriko. Chanzo cha mkimbio ule kilikuwa ni uteuzi wa mgombea urais. Tarehe 25 Aprili mwaka huo chama kilichokuwa kikitawala Burundi, CNDD-FDD, kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea kwa mara ya tatu. Ndani ya chama chenyewe walikuwamo waliolipinga jambo hilo mapema. Jenerali Godefroid Niyombare, aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama, aliondolewa kazini mwezi wa Februari baada ya kushauri kwamba jambo hilo lisifanywe. Shauri lake halikusikilizwa. Maandamano yakaanza, risasi zikalia, na tarehe 13 Mei jenerali huyo huyo akatangaza kuipindua Serikali wakati Rais wake yuko Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika Mashariki. Mapinduzi yakashindwa, mashua zikaendelea kuja Kagunga.

Tumeanza na habari hii si kwa kupenda kuwasema majirani. Tumeanza nayo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika tunalijua kwa uchungu: kwamba vita na amani haviamuliwi siku ya kupiga kura peke yake. Aghalabu huamuliwa mapema zaidi, siku chama kinapomchagua yule kitakayempeleka mbele ya wananchi. Siku ile ndiyo siku ya kuuliza habari za vita. Maoni yetu ni kwamba katika nchi yetu swali hilo halijaulizwa inavyopasa. Tunawaomba viongozi wa vyama, watumishi wa Serikali, na hasa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, walitafakari pamoja nasi.

Hebu kwanza tuitazame sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 44 inampa uwezo wa kutangaza kuwapo kwa hali ya vita kati yetu na nchi nyingine. Bunge huitishwa baada ya tangazo, katika muda wa siku kumi na nne, ili kuitafakari hali hiyo. Ibara ya 39 nayo inasema kwamba mgombea urais sharti awe amependekezwa na chama cha siasa. Ukiziweka ibara hizi pamoja utaona kwamba mtu mmoja aweza kulitia taifa zima vitani, naye hana mlango mwingine wa kuingilia katika uchaguzi isipokuwa mlango wa chama. Kwa hiyo wale wanaokaa katika vikao vya uteuzi, wawe mia au wawe elfu mbili, ndio wa kwanza kuamua ni mkono wa nani utakaozishika silaha za nchi. Sisi wengine tunakuja baadaye, na kazi yetu ni kuchagua miongoni mwa majina tuliyokwisha kuletewa.

Dunia imepata kuona jinsi vita visivyopendwa vinavyoweza kuugeuza uteuzi wa namna hiyo. Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni wa Marekani mwaka 1968. Nchini humo wanachama wa kawaida, jimbo baada ya jimbo, hupiga kura ya kumpata mgombea wa chama chao. Mwaka ule Rais Lyndon Johnson alikuwa madarakani, na vita vya Vietnam vilikuwa vikila vijana na fedha bila ya kuonekana mwisho wake. Seneta mmoja wa chama chake mwenyewe, Eugene McCarthy, alijitokeza kumpinga kwa sababu ya vita hivyo. Tarehe 12 Machi, katika jimbo dogo la New Hampshire, McCarthy alipata kama asilimia 42 ya kura, na Rais kama asilimia 49. Kwa hesabu Rais alishinda. Kwa siasa alikuwa ameshindwa. Tarehe 31 Machi akawatangazia wananchi wake kwamba hatagombea tena.

Lakini hadithi ile ina mkia, na mkia huo ndio wenye mafunzo kwetu. Mwezi wa Agosti wajumbe wa chama walipokutana Chicago walimteua Makamu wa Rais, Hubert Humphrey, ambaye hakuwa ameshindana katika kura za majimbo hata moja. Wanachama waliopinga vita waliona kwamba wamesema kwenye masanduku, na ukumbi umesema lingine. Nje ya ukumbi polisi waliwapiga vijana kwa virungu. Chama kikaenda kwenye uchaguzi kikiwa kimepasuka, Richard Nixon wa chama cha pili akashinda, na askari wa Marekani wakaendelea kufa Vietnam kwa miaka mingine. Baada ya hapo chama kile kilibadili kanuni zake ili sauti ya wanachama wa majimboni iwe na nguvu kuliko mapatano ya wakubwa.

Matunda ya mabadiliko hayo yalionekana miaka arobaini baadaye. Mwezi wa Oktoba 2002 Seneti ya Marekani ilipiga kura kumruhusu Rais wake kuivamia Irak, na Seneta Hillary Clinton alikuwa miongoni mwa waliokubali. Mwezi huo huo, mjini Chicago, mjumbe wa baraza la jimbo la Illinois ambaye wengi hawakuwa wakimjua, mtoto wa Mluo wa Kogelo kando ya Ziwa Viktoria, alisimama hadharani akaipinga vita hiyo. Ilipofika Januari 2008 vita ya Irak imekwisha chukiwa, na wanachama wa Iowa walimweka Barack Obama mbele na Bibi Clinton nafasi ya tatu. Hatusemi kwamba Irak peke yake ndiyo iliyompa uteuzi. Tunasema kwamba kura aliyoipiga mtu mwaka 2002 ilimsubiri mlangoni mwaka 2008 ikamtaka maelezo. Hilo ndilo jambo jema: kiongozi ajue kwamba uamuzi wake juu ya vita utaulizwa, hata kama ni miaka sita baadaye, na utaulizwa na watu wa chama chake mwenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni wa Uganda. Mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia Kongo. Mwaka 2000 yalipigana na majeshi ya Rwanda, waliokuwa washirika wao, ndani ya mji wa Kisangani, mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Raia wakafa kwa mamia. Wakati huo Uganda ilikuwa na utaratibu wa Movement usioruhusu vyama kushindana, na ndani ya Movement hapakuwa na mahali pa kumwuliza Rais swali la vita hivyo kwa kura. Kanali Kizza Besigye, aliyekuwa daktari wa Rais Museveni tangu siku za msituni, aliandika waraka wa kuikosoa Movement mwaka 1999, kisha mwaka 2000 akatangaza kugombea bila ya kungoja kupendekezwa na mtu. Kongo ilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapeleka jukwaani. Tarehe 12 Machi 2001 alipata asilimia zipatazo 28, na Rais asilimia 69.

Majeshi yale yalimaliza kuondoka Kongo mwaka 2003, lakini hesabu haikuondoka nayo. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliikuta Uganda na hatia ya kuvunja sheria za mataifa huko Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Tuwakumbushe watumishi wa Serikali wanaosoma maneno haya: watoto waliokuwa shule ya msingi wakati askari wale wanavuka mpaka wamekuwa walipa kodi wa deni lile. Swali lisilojibiwa wakati wa kuteua halifi. Hukaa likizaa riba.

Sasa turudi nyumbani, maana mwenye kusema ya jirani sharti aseme na yake. Vita yetu kubwa ilikuwa ya Kagera. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera, yakaua, yakapora ng'ombe na kubomoa daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba tutampiga, na hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Askari na wanamgambo walitoka kila mkoa, Visiwani na Bara. Wakulima walitoa mazao na wafugaji mifugo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mtu yeyote akisema kwamba vita ile haikuwa ya wananchi, anasema uongo, na sisi hatutakuwa pamoja naye.

Hata hivyo vita ya haki nayo ina gharama zake. Inakadiriwa kwamba ile ilitugharimu dola zipatazo milioni 500, katika nchi iliyokuwa imetoka tu kuvunjikiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na iliyokuwa ikipambana na mafuta yaliyopanda bei. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ikapita, na mkanda haukufunguliwa. Askari wetu waliendelea kubaki Uganda hadi mwaka 1981. Waliokuwa watu wazima siku zile wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, vibali vya kununulia kitenge, na maneno yale mawili yaliyokuwa yakisikika kila duka: bidhaa hakuna. Hapa Kigoma na Ujiji kina mama walipika sabuni yao wenyewe kwa mawese, na aliyevaa khanga mpya aliulizwa ameipata wapi. Shangwe za Aprili 1979 zilikuwa za kweli, na manung'uniko ya mwaka 1981 yalikuwa ya kweli vile vile. Ndivyo vita vinavyochosha: havichukizi siku ya ngoma, huchukiza siku ya hesabu.

Je, wananchi walipata wapi nafasi ya kuyasema hayo? Katika uchaguzi wa Oktoba 1980 mgombea urais alikuwa mmoja, na kura ilikuwa ya ndiyo au hapana. Waliotaka kuonyesha uchovu wao waliuonyesha kwenye viti vya Bunge, na wabunge wengi wakaangushwa. Swali lenyewe, la nani abebe nchi iliyochoka na kwa njia gani, lilingoja hadi mwaka 1985, Mwalimu alipong'atuka.

Majina yaliyofika mezani katika Halmashauri Kuu ya Taifa mwaka ule yalikuwa matatu. Ndugu Rashidi Kawawa alikuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita, na utumishi wake hauna shaka. Ndugu Salim Ahmed Salim alikuwa Waziri Mkuu, baada ya kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, na alikuwa mwanadiplomasia aliyejulikana duniani kote. Ndugu Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar kwa muda usiozidi miaka miwili tu, baada ya Ndugu Aboud Jumbe kujiuzulu mwanzoni mwa 1984. Lakini katika muda huo mfupi milango ya biashara Visiwani ilifunguliwa na bidhaa zikaonekana madukani. Halmashauri Kuu ikampendekeza Ndugu Mwinyi, na Oktoba 1985 wananchi wakampa kura zao.

Hatukuwamo katika chumba kile, na mambo mengi yalipimwa humo, yakiwamo ya Muungano wenyewe. Lakini kwa maoni yetu vita ya Kagera ilikuwa imeketi humo pia, ingawa haikutajwa kwenye ajenda. Ilikuwa imeketi kwa sura ya maduka matupu. Mwenye sifa ya kushinda vita hakuchukuliwa. Mwenye sifa ya kujaza rafu alichukuliwa. Wakubwa walisoma nyuso za watu na, kwa bahati njema, walisoma sawasawa. Na ndugu zetu wa Visiwani wakapata Rais wa kwanza wa Muungano kutoka kwao. Sasa tunauliza: je, nchi yaweza kuitegemea bahati njema kila mara? Mwaka 1985 wazee waliyasoma matakwa ya watu bila ya kuwauliza. Chicago mwaka 1968 wazee waliyajua matakwa ya wanachama, wakayakataa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ilikuwa katika hekima ya waliokaa kwenye viti, utaratibu haukuwalazimisha. Taifa lenye busara haliwekezi amani yake katika hekima ya watu wachache watakaokufa siku moja kama sisi sote.

Tangu zama hizo tumeingia katika vyama vingi, na mambo mengi yamebadilika. Lakini hili halijabadilika. Mwaka 2015, wiki chache baada ya Kagunga, watu wapatao arobaini walichukua fomu za kuomba uteuzi wa CCM. Kanuni ziliwataka watafute wadhamini katika mikoa kumi na mitano, mitatu ikiwa ya Zanzibar. Walizunguka nchi nzima. Katika watano waliobaki mwishoni Dodoma walikuwamo waliopata kuiongoza Wizara ya Mambo ya Nje na waliotumikia Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Ilikuwa fursa adhimu ya kuuliza: wewe unayetaka kuwa Amiri Jeshi Mkuu, unasemaje kuhusu moto unaowaka ng'ambo ya ziwa? Yaliyovuma yalikuwa ni rushwa, barabara na makundi ndani ya chama. Vyama vya upinzani navyo havikuwa na jipya katika hili. Navyo vilikuwa vikishughulika na nani amehama na nani amepokewa. Na sisi wa magazeti tulihesabu magari katika misafara ya wagombea. Lawama hii tunaibeba pamoja na wengine.

Hali ilikuwa hivyo wakati askari wetu wako Kongo tangu mwaka 2013, pamoja na wa Afrika ya Kusini na Malawi, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo chao cha Semuliki kilivamiwa usiku, na zaidi ya vijana kumi wa Tanzania wakauawa. Baadhi yao walirudishwa kuzikwa Visiwani. Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wa Unguja na Pemba watusikilize. Ulinzi na mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano. Zanzibar ina Rais wake na Baraza lake la Wawakilishi, lakini hayo hayana mamlaka ya kumpeleka askari mpakani wala kumrudisha. Mvuvi wa Micheweni na mvuvi wa Katonga hawajuani, lakini mtoto wa kila mmoja wao aweza kulala katika handaki moja kwa amri ya mtu mmoja. Kura yenye maana ya mjumbe wa Visiwani juu ya jambo hilo ni ile anayoipiga katika kikao cha kumteua mgombea wa Muungano. Akiitumia kura hiyo kwa mambo ya vyeo peke yake, ameitupa.

Tuje karibu zaidi. Tarehe 19 Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM uliokaa Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa Muungano na Rais Hussein Ali Mwinyi kuwa mgombea wa Zanzibar, kwa uchaguzi wa Oktoba. Wagombea wote wawili ni wenyeji wa Visiwani. Jambo hilo liliamuliwa katika mkutano huo huo, bila ya fomu kushindanishwa wala maswali kuulizwa hadharani. Siku nane hivi baadaye waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Februari wakauteka Bukavu. Watu walivuka Mto Ruzizi kwa makumi elfu kuingia Burundi. Desemba mwaka huo vita vikafika Uvira, mji ulio kwenye kichwa cha ziwa hili tunalovua dagaa na migebuka. Wafanyabiashara wa Kibirizi, ambao boti zao huishi kwa biashara ya ng'ambo, hawakuhitaji redio kuwaambia kwamba mambo yameharibika.

Hatusemi kwamba kikao cha Dodoma kingeweza kuizuia Goma isianguke. Tunasema kwamba kikao kilichokutana wakati moto unanguruma mashariki mwa Kongo kingepaswa kuuliza, na wananchi wangepaswa kusikia majibu.

Wapo watakaotujibu kwamba vita ni siri ya nchi na haifai kujadiliwa na wanachama wa matawi. Watasema: lau Mwalimu angengoja kura za maoni, Amin angefika Mwanza. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Adui akiingia nyumbani hupigwa kwanza, maelezo hufuata. Lakini hatuombi mipango ya jeshi itangazwe sokoni Mwanga. Twaomba kuijua akili na moyo wa mtu kabla hajapewa bunduki za taifa. Mwenye nyumba anayeajiri mlinzi hamwulizi atasimama kona gani usiku wa leo. Lakini humwuliza amewahi kulinda wapi, ana hasira kiasi gani, na mtoto wa jirani akipita uani usiku atamfanyaje.

Wengine watasema kwamba swali la vita huzaa wapiga kelele, na kwamba mgombea ataahidi amani leo apate uteuzi, kesho afanye vingine. Yawezekana. Lakini ahadi iliyotolewa hadharani ina mashahidi, isiyotolewa haina. Kura ya Irak ilimfuata aliyeipiga kwa sababu iliandikwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji kubadili Katiba wala kutumia fedha nyingi.

La kwanza, kila chama kitakachosimamisha mgombea wa urais mwaka 2030 na kuendelea kiwatake waombaji wote wajibu kwa maandishi na kwa mdomo, mbele ya wanachama, maswali matatu: ni kwa sababu zipi atawapeleka askari nje ya mipaka, atawarudisha kwa masharti gani, na mzigo wa wakimbizi na biashara iliyokatika utabebwa na nani. Hata mwombaji akiwa mmoja, na hata akiwa ndiye aliye madarakani, ayajibu; pengine huyo zaidi kuliko wengine, maana ana matendo ya kupimwa nayo.

La pili, kikao kimojawapo cha kuwasikiliza kifanyike katika mkoa wa mpakani. Kigoma inafaa. Mgombea aketi mbele ya watu waliompokea mkimbizi wa mwaka 1972, wa 1993, wa 1996 na wa 2015, wakagawana naye kuni na maji, na bado wanaulizwa kwa nini misitu imekwisha.

La tatu, watumishi wa Serikali katika mkoa na wilaya zetu waweke hesabu moja iliyo wazi ya gharama tulizobeba: zahanati zilizoelemewa, shule zilizogeuzwa malazi, barabara zilizochakaa kwa malori ya misaada, na pia faida zilizopatikana, kwa kuwa zipo. Hesabu hiyo ipelekwe kwa kila chama kabla ya msimu wa uteuzi. Mjumbe hawezi kuuliza swali zuri akiwa mikono mitupu.

La nne, wajumbe wa Visiwani na wajumbe wa mikoa ya mipakani wakutane kabla ya kikao kikuu. Wana jambo lao la pamoja ambalo hawajaligundua: wote wako mbali na meza, na wote wako karibu na jeneza.

Liemba, iliyowabeba watu wa Kagunga, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa hapa vipande vipande; ikawa meli ya vita, na mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Katika vita ile wazee wetu walibeba mizigo ya watu wasiowachagua, kwa ugomvi wasioujua, na maelfu hawakurudi. Hawakuwa na mahali pa kuuliza. Sisi tunapo. Tuna vyama, tuna kadi, tuna vikao, na tuna wajumbe tunaowajua kwa majina na kwa nyumba zao. Iwapo mjumbe wetu atarudi kutoka Dodoma, au kutoka mkutano wa chama kingine chochote, akatueleza kwamba uteuzi ulikwenda vizuri kwa shangwe na nderemo, tumkaribishe, tumpe kiti na maji ya kunywa. Kisha tumwulize kwa adabu: habari za vita mlimwuliza? Naye alijibu nini?